Mtani wa Marehemu Joachim

Waandishi wa habari walipokuja Kerege kumtafuta Kanoni Anselm Lugusha, walikuwa wanatafuta shujaa. Mimi waliniuliza kwa sababu nyumba yangu inatazamana na kanisa, na kwa sababu kijiji kizima kinajua Mama Tina mdomo wake hauna breki. Niliwaambia Kanoni ni mzee mwembamba, mgane, anayependa chai ya tangawizi iwe kali mpaka machozi yamtoke, na kwamba tangu aje kwetu hajala sadaka ya mtu. Katika yote hayo waliandika la sadaka tu. Mengine hawakuwa na haja nayo. Basi nitayasema mwenyewe, maana tangu tumzike Joachim nimeyatafuna peke yangu na yamenikaa kooni.

Baba yake Kanoni alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa Muheza kukata mkonge. Aliweka dole gumba kwenye mkataba asioweza kuusoma, akaishi kambini, akazikwa huko huko. Anselm alizaliwa katika kambi hiyo, akabatizwa na mapadre wa Kianglikana, wakamsomesha. Alipenda kutusimulia jinsi baba yake alivyokuwa akitaja matita aliyokata, hayo hayo, asizidishe wala asipunguze, hata nyapara akimkonyeza. Mtoto akakua hivyo hivyo, mtu wa kunyooka, mgumu wa shingo, na kwetu alikuja angali padre kijana, cheo cha kanoni bado hajapewa, ana baiskeli na sanduku la bati.

Kipindupindu kilipoingia, gari hakuna, watu wanaogopana, yeye ndiye aliyempakia mume wangu kwenye baiskeli hiyo na kumkimbiza Bagamoyo, mume wangu anamtapikia mgongoni njia nzima. Mume wangu alipona, akaishi miaka mingi baadaye. Kwa hiyo asije mtu akadhani namsema Kanoni kwa chuki. Ninamsema kwa hasira, na hasira si chuki.

Sasa kuna jambo la utani, na nisipolieleza hamtaelewa lolote. Wanyamwezi na sisi Wazaramo ni watani tangu zama za misafara, mababu zao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo ya pembe begani. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake sokoni, akakunyang'anya kuku, akamtukana mama mkwe wako, nawe hutakiwi kununa. Msibani ndiyo kazi yake hasa. Mtani huja hata kama mmegombana, hana ruhusa ya kukosa. Atavaa shati ndani nje, atamwiga marehemu alivyotembea na alivyokohoa, atajilaza kaburini akatae kutoka mpaka apewe chochote. Watu wanacheka huku wanalia, na lolote alilolisema hapo halishikwi.

Kanoni aliupenda utani. Akitoka madhabahuni na kuvua kanzu, tulikuwa tunamngoja pale mlangoni. "Shikamoo mtumwa wangu," namwambia, naye anajibu, "Marahaba, ila wewe Mzaramo nilikununua kwa kibaba cha chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga." Hakuna msiba wa Mzaramo hapa ambao hakuufanyia kazi zote mbili. Kwanza anasali na kanzu yake, amalize ibada yote. Kisha anaivua, anageuza shati, anaanza vituko. Kazi hizo hakuzichanganya hata siku moja.

Halafu yakaja mambo ya huko Ulaya na Marekani. Makanisa ya wenzetu wa Kianglikana yakaanza kuwabariki watu wa jinsia moja wanaoishi pamoja, na dayosisi nyingi za Afrika zikasema hapana. Dayosisi yetu nayo ikataka kusema hapana, lakini kwa maneno yanayosimama. Wakamchagua Kanoni aandike tamko. Aliliandika juu ya meza yake ya kulia chakula, nami ndiye niliyekuwa nampikia wiki hiyo. Lilikuwa tamko lisilo na tusi. Lilisema hatutapokea ushirika pamoja na wanaobariki jambo hilo, wala hatutawaalika kwenye madhabahu zetu mpaka watubu. Sinodi, mkutano mkuu wa dayosisi, ikalipitisha watu wakiwa wamesimama.

Wakamtuma mkutano mkubwa nje ya nchi. Huko, siku ya Misa ya pamoja, maaskofu na mapadre wa kila rangi wakapanga foleni kwenda kupokea. Kanoni wetu alibaki kwenye benchi, mikono magotini, peke yake katika mstari mzima, kwa sababu aliyekuwa akigawa mkate ni askofu mmoja wa hao waliobariki. Mtu akampiga picha. Picha ile ilizunguka dunia. Mzee mweusi, kanzu iliyofuliwa mpaka ikawa nyembamba, amekaa. Aliporudi tulimpokea kwa vigelegele kuanzia barabara kuu, vijana wakambeba juu juu. Yeye mwenyewe aliona haya, akasema, "Niteremsheni, mtanivunja nyonga." Lakini niliona amefurahi. Nani asingefurahi? Mtoto wa kambi ya mkonge, na wakubwa wa nchi nyingine wanampigia simu kuuliza ana maoni gani.

Laiti yangeishia huko huko ng'ambo.

Bi Evarista ni jirani yangu na mwenzangu katika Umoja wa Akina Mama. Yeye na mimi tulikuwa tunafua vitambaa vya altare, tunavitia wanga wa muhogo, yeye anapiga pasi kwa sababu mimi naunguza. Anauza mananasi barabarani. Amezaliwa Mkatoliki kule Bagamoyo mjini, akaingia kwetu kwa ndoa. Mumewe Mzaramo alikufa, na kati ya watoto wanne aliowazaa akabaki na mmoja, Joachim. Joachim ndiye aliyekuwa mpiga kinanda wetu na mwalimu wa kwaya. Alikuwa mkali wa sauti kuliko askari, anawagonga sauti ya tatu vidole kwa rula, na kwaya yetu ilikuwa inaalikwa mpaka Dar.

Hakuoa. Alikuwa na rafiki Kaole, Hamidu, fundi seremala, Mwislamu mpole asiye na makuu. Siku ambazo hakuna mazoezi Joachim alikuwa huko. Watu waliona, wakanong'ona, kisha wakachoka kunong'ona, ikawa ni mazoea tu. Kanoni mwenyewe alikunywa chai nyumbani kwa Hamidu zaidi ya mara moja.

Baada ya picha ile, mazoea yalikwisha. Siku moja katika halmashauri ya parishi mzee mmoja akasimama, akasema, "Baba Kanoni, unakataa kula meza moja na Wazungu kwa jambo hili. Sawa. Hapa nyumbani unapigiwa kinanda na nani?" Hakuna aliyecheka. Nilikuwa mjumbe, nilimwona Kanoni alivyoinama akatazama viatu vyake.

Alimwita Joachim sakristia, chumba anachovalia kanzu. Yaliyosemwa humo nayajua kwa Evarista, maana mtoto alimweleza mama yake kila kitu. Kanoni hakumfokea. Alimwomba asimame Jumapili aseme neno moja tu, kwamba yanayosemwa juu yake na Hamidu si kweli, na kama ni kweli ameacha. Basi, yaishe. Joachim akamwambia, "Kanoni, siwezi kusimama mbele ya watu nikamkana mtu aliye hai." Kanoni akamsihi. Akamshika mikono. Joachim akasema tena lile lile.

Jumapili iliyofuata Kanoni alitangaza kumtenga. Asipokee Meza ya Bwana, asipige kinanda, asishike kazi yoyote kanisani mpaka atubu hadharani, na akifa katika hali hiyo kanisa halitamzika. Ndiyo sheria, hakuitunga yeye. Alisoma kwa sauti iliyokauka. Evarista alikuwa benchi la mbele, na kitambaa kilichokuwa juu ya altare siku ile alikipiga pasi yeye jana yake. Hakulia. Baada ya ibada aliingia sakristia akavikusanya vitambaa vichafu kama kawaida, akaja navyo nyumbani kwangu. Nilitaka kuvitupa chooni. Akanizuia, akasema, "Hivi si vya Kanoni, Mama Tina."

Joachim aliumwa kifua. Kilikuwa kifua kikuu, ugonjwa wenye dawa, tena dawa za bure. Alianza dozi akaiacha, kwa sababu kila alipokwenda kituo cha afya watu kwenye benchi walisogea wakamwachia nafasi kubwa, na haikuwa kwa kuogopa kikohozi. Wengine walikuwa wanakwaya wake. Hamidu alimfuata, akamlazimisha, akaenda naye, wakatukanwa wote wawili njiani. Basi Joachim akarudi kwa mama yake akalala. Nilikuwa nampelekea uji. Mtu aliyekuwa akitikisa kanisa kwa sauti alikuwa hawezi kumaliza salamu bila kupumzika.

Evarista alimwita Kanoni aje amsalie mgonjwa. Kanoni alikuja na mafuta ya mpako mfukoni, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia, "Mwanangu, sema umetubu, nikupake." Joachim akageukia ukutani. Kanoni akangoja sana. Kisha akatoka nje, akasimama nyuma ya banda la mananasi akalia kwa sauti kama mwanamke aliyefiwa, na mafuta yake mfukoni. Nilimwona. Huruma niliihisi, siwezi kukataa. Lakini nilijiuliza, na bado najiuliza, kama machozi yalikuwa mengi kiasi kile, yalishindwaje kumrudisha ndani?

Joachim alikufa asubuhi, mama yake anamnywesha maji.

Evarista alitaka kitu kimoja tu, na alikisema kwa kila aliyeingia kumpa pole. Alitaka mwanawe asomewe maneno ya maziko na padre. Hakutaka jeneza la heshima wala kwaya. "Mume wangu alisomewa," alisema. "Watoto wangu watatu walisomewa. Huyu wa mwisho nimfukie tu kama mbegu ya muhogo? Huko aendako atawaambia nini wenzake?" Tulikwenda akina mama sita kwa Kanoni kumwombea. Alitupokea vizuri, akatukalisha, akatuambia hawezi. Angemzika aliyetengwa, tamko lake lote lingekuwa porojo, na wenzake wa nchi nyingine waliomwamini wangekuwa wamemwamini mwongo. Alisema, "Sijakataa kwa ajili ya Wazungu ili nikubali kwa ajili ya jirani." Nami, mama wa mdomo, niliinuka nikaaga, maana kwa upande wake alikuwa sawa sawa kabisa.

Tulipompa Evarista jibu hilo alikaa kwenye mkeka, khanga mdomoni. Padre mwingine hakuna ambaye angethubutu, tamko lilikuwa la dayosisi nzima. Wazee wa Kiislamu wa mtaani walishasema watakuja kuchimba na kubeba, na kama ni dua wataomba ya kwao kimoyomoyo, lakini wao si mapadre na hawakutaka kujifanya. Evarista akaniita karibu.

"Mama Tina, rudi kwake."

"Nikamwambie nini, bibie? Kashakataa."

"Aliyekataa ni Kanoni. Simwiti Kanoni mimi. Mwambie namwita Mnyamwezi. Watani zake wamefiwa."

Nilikwenda mbio, khanga inanidondoka.

Kanoni alikuwa anakunywa chai yake uani. Nilimsalimu kwa utani: "Shikamoo, mtumwa wa Wazaramo."

Hakuitikia marahaba. Akaniuliza, "Umetumwa nini tena?"

"Nimetumwa kumwita Mnyamwezi. Wazaramo wake wamefiwa, na hakuna wa kufanya vituko. Tangu lini msiba wa Mzaramo ukakosa Mnyamwezi?"

"Mama Tina, usinifanyie hivyo."

"Sikufanyii mimi. Ni mama wa marehemu."

Aliiweka bilauri chini. Alijua kama nilivyojua mimi kwamba kwa hilo hana mlango wa kutokea. Padre anaweza kuwa na sheria ya kumzuia. Mtani hana. Akafungua kola yake nyeupe shingoni, akaiweka mezani karibu na sahani, akaniambia, "Watangulie. Nageuza shati."

Makaburi yetu yako nyuma ya mikorosho, ardhi ya mchanga inayochimbika upesi na kubomoka upesi. Hamidu alikuwa mmoja wa waliochimba. Hakuna aliyemzuia, labda kwa sababu alichimba bila kuinua uso. Tulikuwa wengi kuliko nilivyotazamia. Hata waliosogea kwenye benchi la kituo cha afya walikuja, macho chini. Jeneza lilifika, likawekwa kando, na hakuna aliyejua la kufanya baadaye. Tukawa tumesimama tu.

Ndipo akatokea, shati la drafti ndani nje, mishono yote nje, suruali mguu mmoja kaukunja. Mzee wa makumi saba. Akaanza kwa mbali: "Nani kaniulia mtumwa wangu? Huyu nilimkopesha hajanilipa! Wazaramo nyie, wavivu mpaka wa kuishi!" Mtu mmoja akacheka kwa mshtuko. Kanoni akachukua kijiti, akasimama mbele ya wanakwaya akakunja uso kama Joachim, akawagonga vidole: "Sauti ya tatu! Mnaimba au mnachota maji?" Ilikuwa sauti ya Joachim hasa. Kwaya ikacheka, kisha wakaanza kulia mmoja mmoja, mpaka wanaume. Evarista naye alicheka. Niliona meno yake kwa mara ya kwanza tangu mwanawe augue.

Akaruka kaburini. Si kuruka, alishuka taratibu akishika ukingo, akajilaza humo chali, akasema, "Sitoki. Pazuri hapa, pana ubaridi." Tukangoja vituko vinavyofuata. Havikuja. Watu wakaanza kutazamana. Nikasogea ukingoni nikachungulia. Alikuwa amefumba macho, midomo inatembea. Kisha sauti ikatoka, si ile ya utani, ni ile ya madhabahuni, na ikasema maneno ya maziko kuanzia mwanzo. Hakuwa na kitabu. Aliyasema yote bila kuruka, jina la Joachim akalitaja kila mahali panapostahili, akainuka akakaa, akashika mchanga akaunyunyiza mahali jeneza litakapokaa, na yale ya udongo kurudi udongoni akayasema mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza sauti ilimkatika. Wanaume wakavua kofia. Evarista akapiga magoti kwenye mchanga uliofukuliwa, mikono wazi.

Alipomaliza alinyoosha mkono apandishwe. Aliyekuwa karibu ni Hamidu. Akampa mkono, akamvuta juu. Kanoni akashukuru kwa kichwa, akaondoka kwa njia ya nyuma, shati lile lile. Sisi tukateremsha jeneza, tukafukia. Hakuna aliyekumbuka kumpa mtani chochote. Nani angempa sarafu mtu aliyesali vile?

Nitasema nilichohisi. Nilimpenda. Nilisema moyoni, huyu ndiye aliyembeba mume wangu.

Evarista alirudi nyumbani akala. Akalala. Kesho yake, kabla hata ya matanga kuanuliwa, watu waliokuja kumpa pole yeye ndiye aliyewafariji. Aliporudi barabarani na mananasi yake, kila mteja aliambiwa: "Mwanangu kazikwa na padre. Kasomewa yote." Alikuwa na sura ya mtu aliyetua mzigo, na mimi nikaanza kuamini ataweza kuishi.

Lakini siku hizi kila mfuko una simu. Kijana fulani alirekodi. Kipande kile, sauti ikitoka shimoni, kikafika makao ya dayosisi, kikavuka bahari. Waliomcheka Kanoni tangu mwanzo wakapata la kusema, kwamba Waafrika hawa hadharani wanalaani na vichochoroni wanabariki. Waliokuwa upande wake walikasirika zaidi. Simu ililia nyumbani kwake mpaka akaizima. Akaitwa makao makuu. Aliporudi tukasikia ameambiwa atoe maelezo mbele ya waumini, Jumapili, na maelezo hayo yatarekodiwa, yapelekwe kule kipande kilikofika.

Nilijua anaweza kusema mojawapo ya mawili. Anaweza kusema, nilimzika, nivueni ukanoni. Au anaweza kusema, nilimzika na nilikosa, naomba radhi. La kwanza ningelipigia vigelegele. La pili lingeniuma, lakini ningelielewa, na Evarista pia angelielewa, maana mwanawe angekuwa amezikwa hata hivyo. Padre akikosea kusali, sala haifutiki.

Jumapili kanisa lilijaa. Evarista alikaa benchi lake la mbele, kavaa sare ya Umoja. Hakuwa na wasiwasi. Alikuja kumsikia mzee akijitetea, na alikuwa ameniambia njiani kwamba wakimvua cheo atamlisha yeye.

Kanoni alisimama kabla ya Misa kuendelea madhabahuni. Kanzu imenyooka, kola shingoni. Alisema kwa utulivu, kama mtu aliyepima kila neno. Alisema wote tunajua mila ya utani. Alisema alikwenda makaburini bila kanzu, bila kola, bila kitabu, bila msalaba, shati ndani nje. Alisema mtani humwiga mtu yeyote, na siku ile alimwiga padre. Kisha akasema, "Yule kijana sikumzika. Nilimtania."

Nilisikia watu wakishusha pumzi. Baadhi walisema amina. Mtu nyuma alicheka kidogo, kicheko cha kupata nafuu, kwa sababu ilikuwa imetoka vizuri: sheria haijavunjwa, tamko limesimama, Kanoni amebaki wetu. Na hakuna hata neno moja ambalo ungesema ni la uwongo. Ndicho kilichonipandisha mori. Alitafuta penye uwazi mwembamba kati ya kazi zake mbili, akapita.

Evarista aliinuka. Nilidhani anatoka, nikainuka nimfuate. Akapanda kwenda mbele. Alitembea mpaka kwenye ngazi ya madhabahu, akafungua fundo la khanga aliyojitanda juu ya sare, akatoa sarafu, akaishika mbele ya Kanoni kwenye kiganja.

"Mnyamwezi," alisema, na kanisa zima likasikia, "mtani hulipwa. Siku ile sikukulipa, nilidhani umesali. Pokea."

Kanoni hakusogea. Aliitazama sarafu. Mila yetu kuhusu malipo ya mtani haina maneno mengi: akipokea, yote aliyoyafanya msibani yalikuwa mchezo, yamekwisha, hayadaiwi. Akikataa, maana yake hakuwa anatania. Kila Mzaramo mle ndani alilijua hilo, na yeye alilijua kuliko sisi. Alikuwa na haja ya kutikisa kichwa tu. Hata bila kusema neno. Angekataa ile sarafu, Joachim angekuwa amezikwa.

Evarista hakumharakisha. Kijana wa makao makuu aliyekuja kurekodi aliinua simu yake juu zaidi ili apate vizuri. Kanoni akainua macho, akatutazama sisi, akaitazama simu, akamtazama mama yule aliyemfulia vitambaa vya altare miaka yote ile. Machozi yakamtoka, kama yalivyomtoka nyuma ya banda. Kisha akanyoosha mkono, akaipokea.

"Ahsante, mtani," Evarista akasema. Akajifunga khanga yake vizuri, akapita katikati ya mabenchi, akatoka nje. Mimi nikamfuata. Nyuma yetu Misa ikaendelea.